Kichwa cha kitanda cha kutengeneza nyumbani: mbao mpya, sponji au mlango wa zamani?

Vitanda vingi vinavyouzwa kando ya barabara hapa Moshi vina kichwa kifupi cha fito mbili tatu, na vile vya chuma vya bei ya chini havina kabisa. Ukikaa navyo mwaka mmoja, ukuta unasema wenyewe: doa la mafuta ya nywele pale mnapoegemea, rangi iliyokwanguka, mito inayodumbukia nyuma usiku. Hapo ndipo mtu anafungua simu, anaona picha ya chumba cha hoteli, na kuamua kwamba kazi hii ya kutengeneza kichwa wataifanya wenyewe, na kaka, na shangazi, na watoto walio likizo.

Kukwama kunaanza kwenye kuchagua aina. Nitalinganisha tatu ambazo familia isiyo na fundi ndani yake inaziweza: mbao mpya, plaiwudi iliyovikwa sponji na kitambaa, na mlango wa zamani uliolazwa ubavu. Chuma nimekiacha makusudi. Kuchomelea kunataka mtu aliyezoea na mwenye kinga ya macho. Si kazi ya kugawana na mpwa wa miaka 12. Kama shemeji yako ana karakana ya mageti, mwachie yeye.

Msimamo wangu niuseme mapema: picha ya kwenye simu ije mwisho. Kwanza hesabu mikono mliyo nayo.

Mambo ya kupima kabla ya kuchagua

La kwanza ni hiyo mikono, pamoja na vifaa. Nani kwenu anashona? Nani ameshawahi kushika randa au msumeno akakata mstari ulionyooka? Drili ipo, au ya kuazima? Na nani, mkimwita Jumamosi asubuhi, atakuja kweli na si kutuma salamu? La pili ni pesa, na hasa inakokwenda, maana kila aina ina kitu kimoja kinachomeza bajeti. La tatu ni muda, na hapa simaanishi saa za kazi tu, bali pia siku ambazo chumba kitanuka vanishi na mtalala sebuleni. La nne ni matunzo: vumbi la Januari na Februari, watoto, kunguni. La mwisho ni kuhama. Mpangaji na mwenye nyumba yake hawawezi kuamua sawa.

Halafu vipimo. Vitanda vyetu tunavitaja kwa futi: 3½ kwa 6, 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6. Hesabu zote hapa nimezipiga kwa 5 kwa 6, yaani upana wa inchi 60. Ongeza inchi 2 kila upande, unapata 64. Lakini usiamini jina la kitanda. Pima fremu yenyewe kwa nje, kwa sababu fremu ya 5 kwa 6 huweza kufika inchi 62 au zaidi. Kwa kwenda juu, pima kutoka sakafuni hadi usoni mwa godoro. Ukiwa na godoro la inchi 8, mara nyingi ni inchi 22 hadi 24. Kisha keti kitandani, egemea ukuta, mtu mwingine apige alama ya penseli nyuma ya kisogo chako. Mkiwa wawili, fuateni alama ya aliye mrefu. Wengi wanaangukia karibu na inchi 54 kutoka sakafuni, na ndicho kipimo nitakachotumia.

Mbao mpya

Umbo jepesi kuliko yote ni miguu miwili ya 2x4 (inchi 2 kwa 4), na mbao za 1x6 zilizopigwa kwa kulala mbele yake. Paini huuzwa kwa urefu wa futi 12, yaani inchi 144. Ubao mmoja wa 1x6 unatoa vipande viwili vya inchi 64, na kinabaki kipande cha inchi 16. Mbao tatu, vipande sita. Vikisharandwa, kila kimoja kinabaki na upana wa karibu inchi 5½, kwa hiyo sita vinajaza inchi 33: kutoka inchi 21, chini kidogo ya uso wa godoro ili mto usipite, hadi 54. Ubao mmoja wa 2x4 unatoa miguu yote miwili na masalia ya karibu futi 3.

*Mikono na vifaa.* Kazi ngumu hapa ni kukata na kuranda, na hizo mnaweza kulipia kwenye karakana yenye mashine kisha mkarudi nyumbani na vipande vilivyo tayari. Sioni aibu yoyote kwenye hilo. Kinachobaki kinagawika vizuri: watoto wakubwa wanapiga msasa namba 80, kisha 120, kisha 240, wakifuata nyuzi za mbao, kitambaa puani, mmoja anashika skwea, mwenye drili anatoboa kwanza tundu dogo ndipo anaingiza skrubu ya inchi 2. Msiruke hilo tundu. Paini ikipigwa skrubu karibu na ncha bila kutobolewa, inapasuka mkiitazama. Kichwa cha skrubu kizame kidogo, juu yake mjaze unga wa msumeno uliochanganywa na gundi ya mbao.

*Pesa.* Inakwenda kwenye aina ya mbao. Paini na saipresi ndizo nafuu, na hazitoki mbali: mashamba ya miti ya Magharibi Kilimanjaro na Rongai yanazivuna, mbali ya zile zinazopanda kutoka Sao Hill kule Mufindi. Mninga ni mzuri na utawazika nyote, ila bei yake inaweza kulipia kitanda kizima cha paini. Wenye kihamba, shamba la nyumbani la Kichagga, mara nyingi wana grivilea au mringaringa shambani. Mbao nzuri hizo, lakini msiangushe mti, hata wa kwenu, kabla ya kuuliza kibali ofisi ya kijiji. Na kuna mbao moja ya kuikataa hata ukipewa bure: ya kupaulia iliyotiwa dawa, ile yenye rangi ya kijani. Dawa yake si ya kulala nayo pua kwa pua, na vumbi lake la msasa ni baya zaidi.

*Muda.* Watu wa Moshi wana shida yao hapa. Ubao uliokaa kwenye ubaridi wa mlimani, Kibosho au Marangu, ukashushwa kwenye joto la mjini, Majengo au Pasua, unaendelea kukauka ukiwa umeshapigwa skrubu. Unasinyaa, unajikunja, nafasi zinafunguka. Leteni mbao, zipangeni ndani ya chumba kile kile zikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite, ziachwe wiki mbili au zaidi. Mbao mbichi utaijua kwa uzito na ubaridi wake ukiigusa. Vanishi nayo inataka mikono miwili au mitatu ya kupaka na msasa laini katikati. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, kila mkono unachelewa kukauka na unadaka vumbi.

*Matunzo na kuhama.* Kitambaa chenye unyevu kinatosha. Vifundo vya paini hutoa utomvu ukatoboa rangi, kwa hiyo mkipaka rangi badala ya vanishi, zibeni vifundo kwanza kwa sila, ile dawa ya kuziba mbao kabla ya rangi. Kuhama ni kufungua bolti nne.

*Inamfaa nani.* Nyumba yenye watoto wadogo wanaomwaga chai kitandani, mtu mwenye mafua ya vumbi, na familia yenye mzee mmoja anayejua mbao na vijana wanaotaka kuelekezwa.

Plaiwudi, sponji na kitambaa

Hii ndiyo inayoonekana ya kitajiri kwenye picha, na ndiyo watu wanaiogopa bila sababu. Kusema kweli inasamehe makosa kuliko mbao: ukikata plaiwudi ikapinda kidogo, sponji inafunika.

*Mikono na vifaa.* Mnahitaji plaiwudi ya milimita 12, sponji ya inchi 2, kitambaa cha sofa, gundi ya sponji, stepla ya mkono na pini za milimita 10, na miguu miwili ya 2x4 kama ile ya mbao. Shiti la plaiwudi ni futi 8 kwa 4. Kateni kipande cha inchi 64 kwa 32. Kitakaa kutoka inchi 22 hadi 54. Masalia msitupe, nitayarudia.

Anayeshona ndiye kiongozi wa kazi hii hata kama mashine haitawashwa, kwa sababu anajua kitambaa kinavyovutika. Tandikeni shuka safi sakafuni, kitambaa kifudifudi, juu yake sponji, juu yake ubao. Mmoja anavuta, mwingine anapiga pini. Anzeni katikati ya upande wa juu, pini tatu. Nendeni katikati ya upande wa chini, vuteni hadi mkunjo uishe, pini tatu. Kisha kulia na kushoto. Kutoka hapo mnasogea kidogo kidogo kuelekea kona, mkipishana pande, pini moja kila inchi moja na nusu. Anayeanzia kona akaenda katikati ataishia na mawimbi yasiyotoka. Kila mara inueni muangalie mbele.

"Shangazi, hapa pamelegea."

"Ng'oa hizo tatu, turudie. Vuta mwanangu, halichaniki hilo."

Kwenye kona kateni ziada, kisha mkunje kama mnavyokunja shuka kwenye kona ya godoro, pini mbili juu ya mkunjo. Pini iliyobaki nusu nje inagongwa kwa nyundo. Stepla ya mkono inachosha kiganja haraka, kwa hiyo mpeane zamu. Kwa mtoto chini ya miaka 10 hapana, mpeni kazi ya kushika bakuli la pini na kukagua mawimbi, na niamini, jicho lake litakuwa kali kuliko lenu.

Vifungo vile vya kudidimiza kitambaa vinapendeza, lakini matundu yake yatobolewe kwenye ubao kabla sponji haijagundishwa. Kwa mara ya kwanza ningeviacha.

*Pesa.* Inakwenda kwenye kitambaa na sponji. Hesabu ya kitambaa ni hii: upana wa ubao, jumlisha unene wa sponji pande zote mbili, jumlisha inchi 3 kila upande za kukunja nyuma. Inchi 64 na 10 ni 74, karibu sentimita 188. Kwenda juu, 32 na 10 ni 42, karibu sentimita 107. Vitambaa vya sofa vingi vina upana wa karibu sentimita 140, kwa hiyo mita 2 zilizolazwa ubavu zinatosha bila kiungo. Velveti ina mwelekeo wa manyoya yake; ukiilaza ubavu rangi itaonekana tofauti ukisimama mlangoni na ukisimama dirishani. Ipitishe kiganja dukani kabla hujakatiwa.

Njia ya kupunguza bei ni kwenda masoko ya Memorial au Kiboriloni kutafuta pazia zito la mitumba. Pazia moja pana linaweza kuvika kichwa kizima. Lifueni na kulipiga pasi kwanza, kama ni la kusinyaa lisinyae kabla. Sponji ya godoro la zamani nayo inavutia kwa kuwa ni ya bure. Ibonyeze hadi chini uachie. Isiporudi yenyewe, au ikiwa na vijidoa vyeusi kwenye mishono ya gamba lake, iache ilipo. Vijidoa hivyo ni kinyesi cha kunguni.

*Muda.* Vitu vyote vikiwepo, Jumamosi moja. Gundi ya sponji ina harufu kali na inashika moto upesi: fanyieni uani, mbali na jiko la mkaa, na ubao ulale nje ya chumba usiku wa kwanza. Masika haina neno hapa.

*Matunzo na kuhama.* Hapa ndipo inapodai. Mishono na nyuma ya pini ni maficho ya kunguni, vumbi linakaa kitambaani, na mafuta ya nywele yanaacha kivuli. Kitambaa cha leza, yaani ngozi ya bandia, kinafutika lakini chenye bei ndogo hubanduka baada ya muda. Dawa ninayoipenda ni ya wenye cherehani: shoneni kifuniko cha kuvua, mfano wa foronya ndefu, chenye kamba nyuma. Kinafuliwa pamoja na mashuka, na mnaweza kuwa na cha kitenge kwa ajili ya sikukuu. Kitenge kiwekewe bitana, peke yake ni chepesi na kinaonyesha kilicho chini. Kuhama ni rahisi kwa uzito, ila kona zinaumia kwenye gari la mizigo. Zifungeni kwa blanketi.

*Inamfaa nani.* Familia ya washonaji, wanaosoma au kunyonyesha wakiwa wameegemea, na walio na haraka. Mwenye watoto wanaokula kitandani afikirie mara mbili.

Mlango wa zamani

Nyumba za zamani huku mlimani, na za mitaa ya zamani mjini, zilijengwa na milango ya mbao ngumu yenye paneli, kazi ambayo leo ukiiagiza utashtuka bei. Wenye nyumba wanaing'oa kuweka ya chuma. Mlango wa karibu sentimita 200 kwa 80 ukilazwa ubavu unatoka inchi 3 hivi kila upande wa kitanda cha 6 kwa 6. Sawasawa kabisa. Kwa 5 kwa 6 unatoka karibu inchi 9 kila upande, unakaa nyuma ya vimeza vya pembeni na bado unapendeza. Kwa 4 kwa 6 ni kofia ya babu kwa mtoto.

*Mikono na vifaa.* Misuli. Mlango wa mninga au mvule unaweza kufika kilo 30 na zaidi. Baada ya kuubeba, kazi ni ya subira: kung'oa bawaba na kitasa, kukwangua rangi, kupiga msasa, kupaka vanishi. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa. Kwangueni ikiwa imeloweshwa maji, uani, watoto wakiwa kwa jirani, mabaki yakusanywe. Kwa hiyo aina hii ni ya familia kwenye kubeba tu. Kwenye kukwangua ni ya watu wazima.

*Pesa.* Ikiwa mlango upo kwenu, unalipia msasa, vanishi na miguu ya kuusimamishia. Lakini mlango wa nyumba ya babu haung'olewi kimyakimya. Ulizeni ukoo kwanza. Kuna baba mdogo aliyeko Dar ambaye miaka yote hajauulizia mlango huo na siku utakapokuwa chumbani kwako atauulizia.

*Muda.* Haukadiriki. Tabaka la rangi la tatu linaweza kula wikiendi nzima.

*Matunzo na kuhama.* Mbao imekauka miaka mingi, haitajikunja. Chunguzeni vitundu vidogo vyenye unga mpya chini yake. Hao ni wadudu walio hai, na kuuingiza ndani ni kuwapa meza na makabati yenu. Vumbi linakaa kwenye kingo za paneli. Kuhama ni mateso, tuseme tu ukweli.

*Inamfaa nani.* Mwenye nyumba yake, kitanda kikubwa, na mlango wenye historia anayoitaka chumbani.

Kukifunga

Kitanda cha mbao kinatobolewa miguuni na kufungwa bolti na nati mbili kila upande. Cha chuma mara nyingi tayari kina matundu. Hiyo inamtosha mpangaji, ukuta haujaguswa. Sponji inaweza pia kutundikwa kwa mbao mbili zilizokatwa mshazari wa nyuzi 45, moja ukutani na moja nyuma ya ubao, zikikaliana. Kuta zetu za tofali za saruji zinataka drili ya kugonga na plagi za plastiki. Mlango msiutundike hata siku moja. Usimame kwa miguu yake sakafuni, kisha ubanwe usianguke mbele. Mnalala chini yake.

Kwa hali yako

Mmepanga chumba na mwenye nyumba hataki tundu: sponji au mbao kwa bolti za kitanda. Kati ya hizo mbili aamue anayeshona. Kama hayupo, mbao.

Mtaani kwenu kunguni wamepita, au mtoto ana pumu: mbao, iliyopakwa vanishi hadi kwenye ncha na mgongoni, isiache nyufa.

Hamna kifaa hata kimoja na hamna wa kumwazima: mbao zilizokatwa na kurandwa karakanani. Nyumbani mtahitaji drili ya kukodi ya siku moja na msasa.

Mnataka kuimaliza kipindi cha Krismasi, ukoo ukiwa umepanda wote: hapo mlango unawezekana, kwa kuwa mikono ya kubeba ipo. Ila ruhusa ya ukoo iombwe na ukwanguaji ufanywe kabla, wajomba wafike wakikuta kazi ya kusimamisha tu. Mbao nazo ziwe zimenunuliwa mapema zikauke.

Ni Aprili na mvua haikatiki: sponji.

Una vitanda viwili, chako cha 5 kwa 6 na cha mtoto cha 3½: chagueni sponji na mnunue shiti lile lile moja. Baada ya kutoa chenu, kinabaki kipande cha inchi 32 kwa 48. Kitanda cha mtoto kinataka inchi 46 za upana, kwa hiyo punguzeni inchi 2 tu, muongeze mita moja na nusu ya kitambaa, na safari hii mtoto mwenyewe achague rangi.